Ni nani mwenye neno la mwisho juu ya bahari? Swali kuhusu Shelisheli kutoka Bukavu

Mwalimu wa Nguba, Bukavu

Nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo. Ninafundisha jiografia katika madarasa ya mwisho ya sekondari hapa Bukavu, na kila Jumamosi jioni tunakutana watu wachache, walimu, wanafunzi na wavuvi wawili watatu, kuzungumza juu ya ziwa na watu wanaoishi kwalo. Jumamosi iliyopita nilitaja Shelisheli kama mfano wa kupita tu. Nilisema kwamba nchi hiyo ina visiwa 115, na kwamba ardhi yake yote, kilomita za mraba zipatazo 455, ingeweza kutandikwa juu ya Ziwa Kivu mara tano. Lakini bahari iliyo chini ya mamlaka yake ni kilomita za mraba milioni 1.37 hivi, yaani zaidi ya nusu ya Kongo yetu nzima, na wenye kuitunza ni watu wapatao laki moja, wachache kuliko wakazi wa komine ya Kadutu hapa mjini kwetu. Nikaongeza kwamba mwaka 2020 walitimiza ahadi ya kutenga asilimia 30 ya bahari hiyo iwe hifadhi.

Nilidhani hesabu hizo zingewashangaza. Badala yake mvuvi mmoja mtu mzima, aliyekuwa amenyamaza tangu tuanze, aliniuliza: "Mwalimu, katika bahari kubwa namna hiyo, mwenye neno la mwisho ni nani? Mkubwa wa samaki, mkubwa wa mazingira, mkubwa wa mafuta, mkubwa wa meli, au mkubwa wa watalii?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ninajua swali lake lilitoka wapi. Mwaka jana jirani yake alilipia kibali cha wavu katika ofisi moja, na kabla ya mwezi kwisha akanyang'anywa wavu uleule na watu wa ofisi nyingine. Kila upande ulikuwa na karatasi yenye muhuri, na hakuna aliyekuwa tayari kusoma karatasi ya mwenzake. Wahenga walisema kwamba manahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama, lakini kwetu naona kila nahodha amejitengenezea usukani wake kabisa.

Kwa hiyo naomba mwenye ujuzi anisaidie. Sitafuti sifa za Shelisheli; hizo nimezisoma za kutosha. Nataka kujua ni kitu gani hasa kilichozifanya wizara na mashirika ya nchi ile kuketi meza moja na kukubali ramani moja, na mvuvi mdogo alibaki na nini baada ya ramani hiyo kuchorwa.


Maître wa Katuba, Lubumbashi

Papa Mwalimu, heshima kwako. Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayonilisha, na wengine wataongeza mengine.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini mwaka 1982 na kuanza kutumika mwaka 1994, unaipa nchi yenye pwani maili 12 za baharini ambazo ni kama ardhi yake, kisha ukanda wa kiuchumi unaoweza kufika maili 200. Ndani ya ukanda huo nchi ndiyo mwenye samaki na mwenye kilicho chini ya sakafu ya bahari, ingawa meli za mataifa yote zina haki ya kupita. Kisiwa kinachoweza kukaliwa na watu hubeba ukanda wake wote hata kikiwa kidogo namna gani, lakini mwamba usioweza kumlisha mtu haubebi. Ndiyo maana Shelisheli, kwa kuwa visiwa vyake vimetawanyika, ilipata milki kubwa kwa kalamu tu. Angalia lakini: mkataba unasema nani ni mwenye bahari mbele ya mataifa mengine. Hausemi ndani ya nchi ni wizara gani itakayoshika ufunguo. Mvuvi wako ameuliza palepale ambapo mkataba unanyamaza.

Kwa ndani, Shelisheli ilikuwa na manahodha kama sisi. Mamlaka ya Uvuvi ipo tangu 1984. Aldabra, kisiwa cha matumbawe chenye kobe wakubwa wapatao laki moja, kiliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1982 na hutunzwa na taasisi yake maalumu, Seychelles Islands Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1979. Kuna wizara ya mazingira, kuna wanaogawa vitalu vya kutafuta mafuta, kuna bandari, kuna walinzi wa pwani, na kuna utalii ambao huleta fedha nyingi na kwa hiyo husikilizwa haraka. Kila mmoja ana sheria yake, na sheria hizo zilitungwa katika miaka tofauti na watu ambao hawakuwa wakifikiriana.

Mwaka 2015 waliunda idara ya uchumi wa buluu, yaani uchumi unaotegemea bahari, ili iwe kiungo. Tazama anwani zake: ilianza ndani ya wizara ya fedha, ikahamishiwa ofisi ya Makamu wa Rais, na baada ya uchaguzi wa 2020 ikaunganishwa na uvuvi. Mimi huisoma hamahama hiyo kama kukiri kwamba jambo hili ni gumu. Kiungo kikiwekwa kwa mwenye fedha, wengine humtii lakini yeye hana muda wa samaki. Kikiwekwa kwa mmoja wa watumiaji wa bahari, wenzake humwona kama mshindani aliyejivika joho la hakimu. Ofisi iliyo juu ya wizara zote ndiyo ningeichagua mimi, ila nayo huishi na kufa na mtu aliyeikalia.

Tena nikurekebishe kidogo kwa niaba ya wanafunzi wako, ambao pengine wanaamini kwamba bahari ni habari za wengine. Kongo ina pwani ya kilomita kama 40 pale Muanda, na Hifadhi ya Bahari ya Mikoko iliyoundwa mwaka 1992 ipo palepale ambapo mafuta ya petroli huchimbwa. Tuna sheria ya uhifadhi wa mazingira ya asili ya mwaka 2014, tuna sheria ya maji ya mwaka 2015, na bado kwa miaka mingi wanasheria wetu wamekuwa wakitaja dekreti ya uvuvi na uwindaji ya mwaka 1937. Hapa Lubumbashi tunakula samaki wa barafu kutoka Namibia na samaki wa Ziwa Mweru ambalo ni nusu letu na nusu la Zambia. Swali la nani ana neno la mwisho limo ndani ya sahani zetu.


Mama wa Kituku, Goma

Maître, umeeleza vizuri na nimekufuata mpaka mwisho. Ila mimi ni mfanyabiashara wa samaki, na ninapoona neno "hifadhi" huuliza kwanza nani atakayelala njaa. Upande wa Rwanda uvuvi wa Kivu husimamishwa kwa majuma kadhaa kila mwaka ili samaki wazaane, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wakirudi huwa wamenenepa, sikatai. Lakini katika majuma hayo mwenye nyumba hasimamishi kodi, wala shule haisimamishi ada. Kwa hiyo naomba jibu la wazi: walipofunga asilimia 30 ya bahari, aliyefungiwa ni yule mwenye mtumbwi au yule mwenye meli? Na kama ni mwenye mtumbwi, alipewa nini?


Mwana wa Ziwa, Goma

Mama, na wewe Papa Mwalimu, nitajaribu kuwajibu wote wawili kwa pamoja, kwa sababu jibu la swali la kwanza limefichwa ndani ya la pili. Nimesomea uvuvi na habari za Shelisheli nimezifuatilia kwa muda mrefu.

Kilichowaketisha meza moja ni deni. Mwaka 2008 Shelisheli ilishindwa kulipa madeni yake ya nje. Miaka michache baadaye likaja wazo la kulibadilisha sehemu ya deni hilo liwe fedha za kuhifadhi bahari. Mwaka 2015 wakakubaliana na wadai wa Klabu ya Paris, yaani kundi la nchi zinazokopesha nyingine, wakiwemo Ufaransa, Uingereza, Italia na Ubelgiji, na mwaka uliofuata deni la dola milioni 21.6 likanunuliwa kwa bei iliyopunguzwa kidogo, kwa mkopo na misaada iliyokusanywa na shirika la Marekani liitwalo The Nature Conservancy. Wengi huandika kwamba Shelisheli ilisamehewa. Haikusamehewa. Inaendelea kulipa, ila badala ya kuwalipa wadai wa zamani inaulipa mfuko wa amana uitwao SeyCCAT, ulioundwa kwa sheria mwaka 2015. Mfuko huo hulipa mkopo kidogokidogo, na fedha nyingine hubaki nchini kwa kazi za bahari. Sharti lilikuwa kwamba nchi ichore mpango wa matumizi ya bahari yake yote na kuhifadhi asilimia 30, na kwamba karibu nusu ya sehemu hiyo isivuliwe wala kuchimbwa kabisa.

Sasa fikiria mkurugenzi wa wizara fulani anayependa kuchelewesha. Kwa kawaida hatumi mwakilishi mkutanoni, au humtuma kijana asiyeruhusiwa kuamua, na miezi inapita. Lakini hapa mwaka wa mwisho, 2020, ulikuwa umeandikwa katika makubaliano ya fedha ambayo wizara ya fedha ndiyo iliyoyasaini. Kuchelewa kwa mmoja kulikuwa hasara ya wote. Kazi ya mpango ilianza mwaka 2014, wakatangaza sehemu ya kwanza, kilomita za mraba 210,000, mwezi Februari 2018, na tarehe 26 Machi 2020 Rais Danny Faure akatia saini zilizobaki. Walitoka asilimia 0.04 wakafika 30, kama kilomita za mraba 410,000. Mimi siamini kwamba wizara zilipendana ghafla.

Ramani yenyewe ilijengwa kwa tabaka. Tabaka la mahali jodari huvuliwa, la njia za meli, la vitalu vya mafuta, la mahali kasa hutaga, la matumbawe, la hoteli. Yanapolaliana tabaka mawili ndipo penye mgogoro, na ni hapo tu ndipo mazungumzo yanapohitajika. Faida yake ni kwamba watu waliacha kubishana juu ya bahari nzima wakaanza kubishana juu ya vipande vinavyojulikana.

Kuhusu mwenye mtumbwi, Mama, sehemu kubwa ya maeneo yaliyofungwa iko mbali, kwenye visiwa vya nje. Aldabra iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka kisiwa kikuu cha Mahé, yaani mbali kuliko hapo Bukavu hadi kwa Maître Lubumbashi kwa mstari ulionyooka. Mvuvi mwenye dema, ule mtego wa samaki, au mshipi hafiki huko. Wanaofika ni meli kubwa za nyavu za kuzungushia, nyingi zikiwa za Hispania na Ufaransa, ambazo hushusha jodari katika bandari ya mji mkuu, Victoria. Kwa hiyo aliyefungiwa kwanza ni mwenye meli. Mvuvi mdogo amebanwa kwa njia nyingine: katika maji ya kina kifupi yanayoizunguka Mahé kumewekwa mpango wa uvuvi wa dema na mshipi, ulioandaliwa pamoja na wavuvi wenyewe, wenye kipimo cha chini cha samaki wanaopendwa sana kama yule mwekundu wanayemwita bourzwa. Akikamatwa mdogo, arudishwe. Wapo waliokubali na wapo wanaonung'unika, kama ilivyo kwetu kwa nyavu za matundu madogo.

Na alipewa nini? Mwezi Oktoba 2018 Shelisheli iliuza hatifungani ya buluu, yaani hati ya kukopa fedha kwa ajili ya kazi za bahari, ya kwanza ya aina yake kutolewa na nchi, ya dola milioni 15. Milioni 3 zilipitia SeyCCAT kama ruzuku, na milioni 12 zikapitia benki ya maendeleo ya nchi kama mikopo. Kikundi cha wavuvi au chama cha mtaa kinaweza kuomba. Mimi naona uzuri wa mfuko si ukubwa wa fedha, maana fedha zenyewe si nyingi. Uzuri ni kwamba haumo ndani ya droo ya waziri yeyote, na kwenye bodi yake wanaketi watu wa serikali pamoja na watu wasio wa serikali.

Lakini nisiwadanganye. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, na zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe yaliyo hai kwenye visiwa vya ndani yakaharibika. Mwaka 2016 joto likarudi. Hakuna mpaka kwenye ramani unaozuia maji ya moto. Na mwaka 2019 watu walikwenda Aldabra kuokota taka, kwenye kisiwa ambacho hakina mji wala soko, wakaondoa tani 25 kwa muda wa wiki tano, na watafiti wakakadiria kwamba zimebaki tani 513. Ndani yake walikadiria kandambili 360,000. Ila uzito mwingi ulikuwa wa vifaa vya uvuvi, kamba na nyavu na maboya. Taka hizo hazikutupwa na wizara yoyote ya Victoria; zililetwa na mkondo wa bahari. Aliyewahi kusimama mahali Mto Ruzizi unapotoka ziwani hapo Bukavu, akaona chupa za plastiki zilivyojazana mbele ya bwawa la umeme, hahitaji kuelezwa zaidi.


Mzee wa Idjwi, Bukavu

Kijana wangu, nimesoma maneno yako mara mbili na nakushukuru kwa kuandika bila kelele. Mimi nilizaliwa kisiwani, nimezeekea mjini, na nina shaka moja ambayo sitaki ipite kimya.

Umesema kilichowaketisha ni deni. Maana yake, kama nimekuelewa, ni kwamba nchi huru ilikubali kugawa bahari yake kwa ratiba iliyoandikwa pamoja na shirika la nchi nyingine. Sisi tulio Kongo tunajua jinsi ardhi inavyoweza kugawanywa na watu walioketi mbali na kalamu mkononi. Sisemi ni jambo lilelile. Nasema mtu wa kisiwani ana haki ya kuuliza: siku deni litakapokwisha, ramani itabaki kwa nguvu ya nani?

Nina sababu ya kuuliza. Kiribati, huko Pasifiki, ilianza kuhifadhi maji ya Visiwa vya Phoenix mwaka 2006, ikayapanua hadi kilomita za mraba 408,250, yakaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2010, na mwaka 2015 uvuvi wa kibiashara ukapigwa marufuku humo. Dunia ikapiga makofi. Mwaka 2021 serikali yao ikatangaza kwamba itayafungua tena, kwa sababu vibali vya meli za jodari ndivyo vinavyoilisha hazina ya nchi, na fedha za fidia hazikulingana na kilichopotea. Siwalaumu. Mkono mtupu haulambwi.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi kwa lugha na kwa damu. Kwenye kisiwa cha Mwali, katika Komoro, hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 2001 kwa makubaliano na vijiji kumi, na walinzi wakawa vijana wa vijiji hivyo hivyo. Jambo zuri kuliko ramani zote mlizozitaja. Wafadhili wa kwanza walipoondoka, kazi ikadhoofika kwa miaka, walinzi wakakosa mafuta ya boti. Kijiji kilikuwa tayari, lakini serikali haikuwa na cha kukipa.

Kwa hiyo Shelisheli wana fedha, Mwali walikuwa na watu, na Kiribati walikuwa na sifa. Nionyesheni mahali vyote vitatu vilipokutana.


Mwana wa Ziwa, Goma

Mzee wangu, umenishika pabaya, na nakubali nusu ya hoja yako. Ni kweli kwamba ratiba ilitoka nje. Lakini mistari haikutoka nje: maeneo yalichaguliwa kwa mijadala ya ndani, na mpango unatekelezwa kwa sheria za Shelisheli, si kwa masharti ya mkopo peke yake. Tofauti na Kiribati ni kwamba Shelisheli hawakufunga mahali ambapo hazina yao hula. Waliacha asilimia 70 wazi, na katika ile nusu nyingine ya hifadhi zenyewe shughuli kadhaa zinaruhusiwa kwa masharti. Palau, nchi nyingine ya visiwa huko Pasifiki, walithubutu zaidi: tangu tarehe 1 Januari 2020 asilimia 80 ya ukanda wao imefungwa, na mpaka leo wenyewe kwa wenyewe wanabishana iwapo walikaza kamba kupita kiasi.

Mahali vyote vitatu vilipokutana sijapaona. Kwa maoni yangu Mwali ndio waliokaribia zaidi kwa upande wa watu, na ninasikitika kwamba mifano mikubwa huandikwa kwa kilomita za mraba, wakati Mwali ungeandikwa kwa majina ya vijiji.


Maître wa Katuba, Lubumbashi

Niongeze jambo moja ambalo Mzee amelifungulia mlango, kwa kuwa Kivu si letu peke yetu. Mwaka 2012 Shelisheli na Morisi walikuwa na madai juu ya sehemu moja ya sakafu ya bahari nje ya maili 200, kwenye uwanda wa Mascarene. Wangeweza kupelekana mahakamani kwa miaka ishirini. Badala yake walitia saini mikataba ya kuisimamia kwa pamoja, kilomita za mraba zipatazo 396,000. Mkataba huo unahusu sakafu na vilivyomo chini yake. Maji yaliyo juu yake ni bahari ya watu wote, kwa hiyo meli inaweza kuvua juu ya sakafu ambayo haina ruhusa ya kuichimba. Mwanafunzi akielewa hilo, ameelewa kwa nini neno la mwisho mara nyingi si la mtu mmoja: kuna la juu na la chini.

Kwenu kuna jambo linalofanana nalo. Sambaza wanaishi katika maji ya juu yenye hewa, lakini chini kabisa ya Kivu kuna methani ipatayo kilomita za ujazo 60, na Rwanda tayari inaichota kutengeneza umeme. Mwaka 2014 Kongo, Rwanda na Burundi walitia saini mkataba wa bonde la Ziwa Kivu na Mto Ruzizi na kukubali kuwa na mamlaka ya pamoja. Mwenye gesi, mwenye samaki na mwenye umeme wa Ruzizi wanatumia maji yaleyale kwa vina tofauti. Papa Mwalimu, ningekuwa wewe ningewapa wanafunzi karatasi tatu za kuonea, zile zinazopitisha mwanga ili ziwekwe moja juu ya nyingine, moja kwa kila kina, kabla sijawatajia jina la wizara yoyote.


Mwalimu wa Nguba, Bukavu

Nimewasoma wote na nimenakili mengi. Mvuvi wangu nitamjibu hivi: katika Shelisheli neno la mwisho la karatasi ni la baraza la mawaziri na Rais, lakini lililowafikisha hapo ni tarehe ambayo hakuna waziri aliyeweza kuisogeza peke yake, pamoja na mfuko ambao hakuna waziri aliyeweza kuufungua peke yake. Najua atanijibu kwamba sisi hatuna tarehe wala mfuko. Nitakubali.

Wazo la Maître la karatasi za kuonea nitalitumia. Nitaweka karatasi nne: mahali nyavu hutupwa, mahali sambaza wadogo huonekana, njia za boti za Goma na Idjwi, na mahali taka huingia. Kisha wavuvi wachore wenyewe kwa kalamu za rangi, na mimi nitanyamaza. Jambo moja tu linanisumbua: kila Jumamosi huja wavuvi wawili au watatu tu, na ramani ya watu watatu si ramani. Nimewaalika mara nyingi, kwa barua na kwa mdomo.


Mama wa Kituku, Goma

Papa Mwalimu, samahani nikuulize. Mkutano wako ni Jumamosi jioni, na kila Jumamosi? Sambaza huvuliwa kwa taa. Usiku wa giza mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja imeshatoka majini kabla jua halijatua, na wanaume hawarudi mpaka alfajiri. Wanaokuja kwako usiku huo ni wazee waliostaafu na wale ambao injini imewaharibikia. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazivuti samaki, ndipo wavuvi hukaa nyumbani kushona nyavu, na hapo ukiwaita watakuja hata thelathini. Na waite pia wake zao na sisi wauzaji, maana mvuvi anajua alipotupa wavu, lakini aliyemwaga samaki kwenye beseni na kuwapanga juani ndiye anayejua ni mwezi gani walianza kuwa wadogo.


Mwalimu wa Nguba, Bukavu

Mama, nimefundisha awamu za mwezi kwa miaka kumi na saba na sikuwahi kufikiria jambo hilo. Nimeshatazama kalenda. Mwezi mpevu unaangukia Alhamisi ya wiki ijayo, kwa hiyo mkutano utakuwa Alhamisi. Karatasi za kuonea nitazinunua kesho Kadutu, na nitaongeza ya tano kwa ajili ya miezi.